Siku Moja Katika Mashu ya Kibumba



Ninyi mnaoishi Rubaya, Numbi, Walikale, Kamituga na penginepo penye machimbo, mnajua jinsi shu linavyowafikia. Limepanda kamio, limeshuka, limepanda pikipiki au mgongo wa mtu, majani ya nje yamekwisha kunyauka, na bei yake inamfanya mama alikate vipande vinne ili apike siku nne. Leo nataka twende pamoja mpaka kule linakotoka. Vaa viatu vya zamani, chukua na koti, maana huko kuna baridi.

Mimi ni mwalimu wa kilimo katika shule moja ya Goma. Usicheke. Shule yetu imejengwa juu ya jiwe la volkano, na ukipiga jembe katika uwanja wetu linarudi juu likilia kama kengele. Kwa hiyo kilimo tunakifundisha ubaoni. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tano waliweza kuchora mzizi wa karoti na kuandika majina ya sehemu zake zote. Lakini siku moja nilipouliza ni nani aliyekwisha kung'oa karoti kwa mkono wake mwenyewe, vidole vilivyoinuliwa vilikuwa 7, katika darasa la watu 34. Ndiyo maana mwezi wa pili wa mwaka 2022 tuliomba ruhusa kwa prefe, tukachanga pesa ya gari, tukaenda Kibumba kwa mama mmoja anayelima mboga za kuuza.

Kibumba ni kama kilomita 25 kutoka Goma, kwenye barabara ya Rutshuru. Ukitoka mjini unapita kando ya kiwanja cha ndege, halafu Munigi, Kanyaruchinya na Kibati, na njia yote unapanda. Kabla hujafika mbali unakutana na jiwe jeusi jipya. Hiyo ni lava ya tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Usiku ule Nyiragongo ulipasuka, moto ukashuka, ukakata barabara hii, ukasimama karibu kabisa na kiwanja cha ndege. Ile ya tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 haikusimama. Ilipita juu ya kiwanja chenyewe, ikaingia katikati ya mji mpaka ziwani. Na kabla yake kulikuwa na ile ya 1977. Wanafunzi walinyamaza tulipopita pale. Wengine nyumba zao zilikuwa chini ya mawe yale.

Basi msichana mmoja akaniuliza swali zuri ndani ya gari: "Mwalimu, kama volkano ni moja, kwa nini Goma ni jiwe na Kibumba ni shamba?" Jibu ni umri. Lava ya jana ni jiwe tu. Lakini lava ya zamani sana, na majivu yaliyoanguka juu yake, vimepigwa na mvua na baridi miaka mingi, majani ya msitu yameoza humo, mpaka vimekuwa udongo mweusi, mwepesi, wenye chakula kingi cha mimea. Ukiushika mkononi unavunjika kama mkate. Mimea inaupenda. Ubaya wake tutauona sasa hivi.

Ulipofika Kibumba, simama kwanza uangalie. Mkono wa kuume ni Mikeno, mita 4,437, kilele chake kimechongoka kama jino. Mkono wa kushoto ni Nyiragongo, mita 3,470, na moshi wake. Kwa kawaida upepo unaupeleka moshi ule upande wa magharibi, kuelekea Rusayo na Sake, na ndugu zetu wa kule ndio wanaojua mvua yenye chumvichumvi inayochoma majani ya maharagwe. Katikati ya milima hiyo miwili ni mashu, karoti, puaro, vitunguu na virayi, mistari kwa mistari, mpaka jicho linachoka.

Sasa tafuta mto. Hakuna. Hata kijito hakuna. Huo ndio ubaya niliousema: mvua ikinyesha inazama mara moja katika mawe yenye matundu, inaenda zake chini. Wazee wenu watakumbuka mwezi wa saba wa 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa hapa Kibumba kwa mamia ya maelfu. Maji yaliletwa kwa magari, hayakutosha, na kipindupindu kiliua makumi ya maelfu ya watu katika kambi zilizozunguka Goma. Ni mahali hapa hapa. Mtu anayelima mboga Kibumba anategemea mawingu na mabati ya nyumba yake.

Mama yetu alitungoja kwenye kijia, kitambaa kichwani, buti za mpira miguuni. Tulitaka kuingia shambani mara moja. Akanyoosha mkono.

"Karibuni sana, batoto bangu. Lakini musiingie kwanza. Majani iko na maji. Mungoje jua."

Nilidhani anaogopa tutakanyaga. Kumbe sababu ni nyingine. Alitupeleka pembeni akatuonyesha shu moja lenye ugonjwa: ukingo wa jani umegeuka njano kwa umbo la herufi V, mishipa imekuwa myeusi. Alikata shina kwa kisu, na ndani kulikuwa na duara jeusi. Ugonjwa huu unatembea na maji. Ukipita katikati ya mashu asubuhi, suruali yako imelowa, unauchukua kutoka shu la kwanza mpaka la mia. Hauna dawa ya kuuponya. Unang'oa, unachoma, na mahali pale hupandi shu wala ndugu yake yeyote kwa misimu kadhaa. Unaweka maharagwe, karoti au virayi. Mambo hayo yamo katika kitabu changu, ukurasa mmoja mzima. Lakini miaka yote niliyoyafundisha sikuwahi kuwaambia wanafunzi wangoje jua.

Jua lilipotoka tukaanza na kitalu, au pepinyeri kama tunavyosema hapa. Ni tuta dogo lililofunikwa kwa majani ya migomba juu ya vijiti. Mbegu za shu zinakaa humo kama mwezi mmoja, mpaka mche una majani manne au matano, ndipo unahamishwa. Karoti haihamishwi kamwe. Ukiihamisha, mzizi unapinda na kugawanyika miguu miwili, na hakuna mnunuzi wa karoti yenye miguu. Inapandwa pale itakapokaa, halafu inapunguzwa ili kila moja ipate nafasi. Jiwe likibaki ndani ya tuta, hilo nalo linaigawanya. Watoto wake mama huyu walikuwa wamechekecha udongo ule kwa mikono mpaka kina cha jembe zima. Rundo la mawe waliyoyatoa lilikuwa refu kuliko mimi.

Hapo mimi mwalimu nikataka kuonyesha ujuzi. Nikamwuliza mama kama mbegu za mashu anazihifadhi mwenyewe kutoka katika mavuno yake. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Mwalimu, umeshaona shu iko natoa maua hapa?"

Kweli sikuwahi kuona. Shu na karoti kwa asili ni mimea ya miaka miwili: mwaka wa kwanza inaweka akiba, halafu inahitaji kupita majira ya baridi kali ndipo itoe maua na mbegu. Baridi ya Kibumba inatufanya sisi tutetemeke, lakini kwa shu bado ni joto. Kwa hiyo mbegu zinanunuliwa katika kopo, zimetoka nchi za mbali, na kopo lile dogo ndilo matumizi yake makubwa ya kwanza kila msimu. Za kienyeji zipo: virayi anachagua vya mbegu, na lengalenga anaikausha na kuipukuta mwenyewe. Lakini shu ni la kununua kila mara. Niliandika hayo katika daftari langu kwa aibu kidogo, wanafunzi wakiniangalia.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote hakikuwa shambani. Kilikuwa ndani ya nyumba, kwenye msumari: daftari la shule lenye tarehe. Mama huyu hapandi shamba lake lote siku moja. Anapanda kipande, baada ya wiki mbili anapanda kingine, baada ya wiki mbili kingine. Kwa nini? Shu likishafunga haliwezi kungoja; mvua ikizidi linapasuka. Na kama mashu yote yamefunga wiki moja, utayauza kwa bei ya wiki hiyo, iwe nzuri au mbaya. Na bei ya Goma haitoki Kibumba peke yake. Minova na Masisi wanaleta, na akina mama wanavusha mboga za Rwanda kwenye Petite Barrière. Mwaka 2020 mpaka ulipofungwa kwa ajili ya Korona, aliuza vizuri sana. Ulipofunguliwa, karoti alizokuwa amepanda kwa furaha aliziuza kwa hasara. Hajui kitakachotokea kesho, ndiyo sababu anagawa tarehe.

Tufanye hesabu pamoja, wewe msomaji, chukua kalamu. Kipande cha mita 10 kwa 10. Kati ya shu na shu sentimita 50, kati ya mstari na mstari sentimita 50. Hiyo ni mistari 20 ya mashu 20: mashu 400. Toa robo kwa ajili ya wadudu, wezi na ugonjwa: yanabaki 300. Sasa gawa mara nne kwa tarehe: 75 kila wiki mbili. Zidisha kwa bei ya shu mahali unapoishi wewe, si ya Goma. Halafu toa mbegu, samadi, dawa na kodi ya shamba. Wanafunzi wangu waliifanya juu ya magoti, wakapiga kelele za furaha, mpaka mama akawaambia watoe pia beba-beba, kodi za njiani na mashu ya kugawia majirani. Kelele ikapungua.

Kodi ya shamba nimeitaja kwa haraka, lakini ni jambo zito. Zaidi ya nusu ya udongo anaoulima si wake. Anaulipia kila msimu. Saa sita tulipoomba kabla ya kula, kijana mmoja wa kwaya alikumbusha kwamba mfalme Ahabu alitaka shamba la Nabothi ili aligeuze bustani ya mboga; iko katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 21. Tulikuwa tumeisoma mara nyingi bila kuona neno "mboga". Mama aliitikia, "Ahabu beko mingi mpaka leo," akaendelea kugawa virayi.

Kuhusu dawa za kupulizia nitasema wazi, ingawa majirani zake hawatafurahi. Tuliona mtu akipulizia bila kitu chochote usoni, miguu mitupu, mtoto akimletea maji. Mama wetu anavaa koti la mvua na kitambaa, na baada ya kupulizia anangoja wiki mbili ndipo avune. Wengine hawangoji, kwa sababu kamio imekuja leo. Kwa hiyo shu likikufikia huko kwenye machimbo, toa majani ya nje, lioshe kwa maji mengi.

Sasa nije kwenye swali lililofanya safari ile nisiisahau. Katika darasa langu kulikuwa na kijana mmoja ambaye kaka yake anachimba koltani Rubaya. Kila mtu alijua kwamba anangoja tu siku ya kumfuata. Na siwezi kumlaumu: Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba karibu 15 kwa mia ya koltani ya dunia inatoka katika vilima vile vya Rubaya, na kaka mtu alikuwa ametuma simu mpya. Kijana huyu alikuwa amekaa kimya asubuhi yote. Mwishowe akauliza:

"Mama, samahani. Kwa mwezi unapata ngapi?"

Nilitaka kumkemea. Mama akanizuia.

"Mwache, Mwalimu. Njo swali ya kweli. Na kaka yako, yeye anapata ngapi kwa mwezi?"

"Mwezi moja mingi. Mwezi ingine hakuna kitu."

"Basi na miye njo vile vile," akasema. "Mwezi moja mingi, mwezi ingine hakuna."

Wote tukacheka, ila yeye hakucheka. Akaeleza kwamba shamba lake la kwanza, hilo dogo ambalo ni mali yake, lilinunuliwa kwa pesa za kasiterite. Marehemu mume wake alichimba Bisie, huko Walikale, akarudi na pesa na kifua kibovu. Pesa zingeweza kuisha kwa bia, au kwa redio, alisema. Zilikwenda kwenye udongo kwa sababu siku ile jirani alikuwa anauza kipande. "Bahati tu." Halafu akamgeukia kijana. "Tofauti ni moja. Shimo ikiisha, munahama. Hii miye nailima tangu 2008 na haijaisha. Lakini usidanganywe, mgongo inauma huku na huku."

Nilikuwa nimetayarisha maneno yangu ya mwalimu kuhusu faida za kilimo. Niliyaacha mfukoni.

Saa tisa tukateremka pamoja na mavuno. Kama hujaona chukudu zikishuka kutoka Kibumba, una jambo la kuona kabla hujafa. Ni baiskeli ya mbao isiyo na kiti wala pedali, magurudumu ya mbao yamevikwa mpira wa tairi. Huko Goma wameijengea sanamu ya rangi ya dhahabu. Vijana wanaipakia magunia ya mashu mpaka yanafika kifuani, wanapiga goti moja juu ya ubao, na mteremko unawachukua, vuu! Breki ni kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma, unakikanyaga na kusali. Wanafunzi wangu wawili walipewa nafasi kwenye mahali palipo tambarare. Mmoja alifika, mwingine alipatikana ndani ya maharagwe. Kupanda kurudi Kibumba ni kusukuma kwa miguu, au kushika nyuma ya kamio, jambo ambalo limeua wengi na sitaki kulisifu.

Jioni tulipita soko la Virunga. Tuliyakuta mashu ya Kibumba yamelala chini juu ya plastiki, na bei ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya shambani. Darasa lilikasirika, likasema mama ameibiwa. Tukakaa nusu saa na muuzaji mmoja. Naye alikuwa amelipa chukudu, kodi ya soko na pesa za likelemba, na robo ya mashu yake yalikuwa yameoza. Jua lilipokuwa linazama aliyabomoa majani mabovu moja moja, shu likawa dogo kama ngumi. Wanafunzi hawakujua tena wamkasirikie nani.

Wasomaji wa huku wanajua yaliyofuata. Katika mwaka ule ule wa 2022 vita vilifika Kibumba, na mwezi wa kumi na wa kumi na moja watu walishuka kwa maelfu wakajaa Kanyaruchinya, kwenye mawe, chini ya plastiki nyeupe. Mashu yaliyokuwa tayari yalibaki shambani. Bei ya mboga Goma ilipanda. Mama wetu alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wanapanga foleni ya maji. Nilimkuta pale mara mbili, nikiwa na wanafunzi wa kwaya. Mara ya pili alimwuliza yule kijana habari za kaka yake.

Kijana alimaliza shule mwaka 2023, akaenda Rubaya kama ilivyotazamiwa. Baadaye alinipigia simu, nikadhani ni habari za kifo, kwa sababu mashimo ya kule yanaporomoka na kumeza watu. Hapana. Aliuliza ni sentimita ngapi kati ya shu na shu. Rubaya ni milima ya baridi kama Kibumba, na nyuma ya nyumba waliyopanga kulikuwa na kipande mtu ameacha. Nikamwambia 50. Akauliza kama ni lazima kungoja jua. Kaka yake bado anashuka shimoni, na yeye pia, siku zile ambazo hapulizii mashu.

Vita viliingia Goma mwezi wa kwanza 2025. Mwezi wa pili kambi zilizozunguka mji zilivunjwa, na watu wakarudi makwao, au pale palipokuwa kwao. Mama alikuta nyumba haina mabati. Bila mabati hakuna maji, na bila maji hakuna kitalu, na kopo la mbegu za shu halikuweza hata kutajwa. Lakini katika kambi, zaidi ya miaka miwili, alikuwa amefunga kitu katika ncha ya kitenge chake, fundo dogo kama la chumvi. Ilikuwa lengalenga. Aliimwaga katika tuta la kwanza mvua ilipoanza, na baada ya wiki nne alikuwa barabarani anauza mafungu, akiweka pesa za bati la kwanza.